Fanksheni ya wimbi ni nini, na inahusianaje na kiini cha atomu?

Fizikia ya kwanta, yaani ile ya vitu vidogo mno kama atomu, ikitajwa, wengi hufikiria elektroni, lile wingu linalozunguka kiini. Kiini chenyewe huachwa katikati kama punje ngumu, kana kwamba sheria za kwanta zinaishia mlangoni pake. Sivyo hata kidogo. Protoni na nyutroni zilizomo ndani ya kiini nazo zina fanksheni ya wimbi, na bila hiyo hatuwezi kueleza kwa nini urani iliyomo ardhini Mkuju, wilayani Namtumbo, au Shinkolobwe kule Kongo, inatoa mnururisho, yaani chembe na miale inayotoka kwenye kiini.

Fanksheni ya wimbi ni usemi wa kihisabati unaoipa kila sehemu ya nafasi namba yake. Chukua ukubwa wa namba hiyo, uuzidishe kwa wenyewe, na utapata jinsi inavyowezekana kuikuta chembe mahali hapo ukiitafuta. Mwanafizikia Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoitawala mwaka 1926, na mwaka huohuo mwenzake Max Born akaeleza kwamba maana yake ni uwezekano. Kwa hiyo usifikirie maji ya bahari yanayopanda na kushuka. Chembe haijasambaa kama uji kwenye sahani. Ukiipima unaikuta nzima, mahali pamoja. Kilichosambaa ni uwezekano wa kuikuta.

Sasa tuingie ndani ya kiini. Kiini cha urani 238 kina upana wa femtomita 15 hivi, na femtomita moja ni milimita moja iliyogawanywa kwa trilioni. Humo zimebanana protoni 92 na nyutroni 146. Protoni zinasukumana kwa umeme, lakini nguvu ya nyuklia, ambayo ni kali mno ila haifiki mbali, inazishika zisitawanyike. Mara kwa mara protoni 2 na nyutroni 2 hushikamana na kutoka pamoja. Kifurushi hicho ndicho chembe ya alfa.

Na hapo ndipo palipowasumbua wanafizikia. Alfa iliyo ndani imezingirwa na kizuizi: nguvu ya nyuklia inaivuta irudi, na mpaka ifike mahali ambapo umeme unaweza kuisukumia nje, lazima ivuke kilele cha nishati cha takriban elektronivolti milioni 28 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo). Lakini alfa zinazotoka kwenye urani 238 zina elektronivolti milioni 4.2 tu. Ni sawa na kumkuta mtu nje ya ukuta mrefu ambao hana nguvu ya kuupanda, na ukuta hauna tundu.

Jibu lilipatikana mwaka 1928. George Gamow, kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Odessa, alikuwa Göttingen, Ujerumani. Wakati huohuo Ronald Gurney na Edward Condon walikuwa wakilifikia jibu lilelile kivyao huko Princeton, Marekani. Waliitendea alfa kama wimbi. Mlinganyo wa Schrödinger unasema kwamba fanksheni ya wimbi ikikutana na kizuizi haikatiki ghafla. Inaingia ndani yake na kufifia haraka, na kama kizuizi kina mwisho, upande wa pili hubaki mkia mwembamba mno ambao si sifuri. Mkia huo ukiwepo nje, basi upo uwezekano wa kuikuta alfa nje.

Sauti ya redio ya jirani inayopenya ukutani inasaidia kulielewa hili, maana kadiri ukuta ulivyo mnene ndivyo sauti inavyodidimia. Lakini mfano huo una kikomo, na wengi hupotelea hapo. Redio inakuletea sauti hafifu kila wakati. Alfa haitoki kipande kipande: inatoka nzima au haitoki kabisa, na udogo wa mkia ndio unaotuambia itatoka kwa nadra kiasi gani. Kwa makadirio ya kawaida, alfa ndani ya urani hugonga kizuizi mara 10²¹ hivi kwa sekunde, na bado nusu ya viini huchukua miaka bilioni 4.5 kuvunjika. Muda huo ndio unaoitwa nusumaisha.

Kufifia huko ni kukali, na kunajibu fumbo jingine. Tangu 1911 Hans Geiger na John Nuttall walikuwa wameona kwamba viini vinavyotoa alfa zenye nishati kubwa huvunjika upesi zaidi. Tazama poloni 212, elementi nyingine inayotoa alfa: alfa yake ina elektronivolti milioni 8.8, kama mara mbili tu ya ile ya urani, lakini nusumaisha yake ni sehemu 3 za milioni 10 za sekunde. Alfa yenye nishati zaidi hukutana na kizuizi chembamba zaidi, na wimbi linalofifia hubadilika mno kwa tofauti ndogo ya unene. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba fanksheni ya wimbi ni zaidi ya mapambo ya vitabuni: hesabu moja inabeba miaka mabilioni na kufumba na kufumbua.

Kutokana na hayo, kiini cha urani hakizeeki. Kilichodumu tangu Dunia ilipoumbika hakijachoka. Uwezekano wake wa kuvunjika katika sekunde ijayo ni uleule wa kiini kilichoundwa leo. Katika gramu moja ya urani 238, viini takriban 12,400 vitavunjika katika sekunde hiyo. Idadi hiyo twaweza kuikokotoa. Ni viini gani hasa vitakavyovunjika, hakuna alama yoyote juu yavyo inayoonyesha.