Umeanza Dawa za Thairoidi? Yanayosemwa Mtaani na Ukweli Wake

Mtu anayeanza kutibiwa thairoidi iliyozidi kasi, yaani tezi ya shingoni inayotengeneza homoni kupita kiasi, hutoka hospitali na vidonge vingi na maelezo machache. Dawa yenyewe mara nyingi ni kabimazoli. Akipewa kidonge cha miligramu 5, dozi ya miligramu 30 kwa siku maana yake ni vidonge sita, na vidonge sita kwa mkupuo huzua maswali nyumbani. Majibu hutoka kwa jirani, kwa shemeji na kwenye kundi la WhatsApp kabla hayajatoka kwa daktari. Mengine hayana madhara makubwa. Moja linaweza kuua, na ndilo ninaloanza nalo.

"Ni malaria tu hiyo, meza mseto ulale"

Homa ikimpata mtu Kigoma, Kisumu au Bukavu, jambo la kwanza kutajwa ni malaria, la pili taifodi. Kwa watu wengi si kosa. Lakini kwa anayetumia kabimazoli, au dada yake propilthiourasili, homa inaweza kuwa na chanzo kingine kabisa, hasa ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa watu wachache dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, hadi karibu ziishe. Katika wagonjwa 1,000, tatizo hili huwapata takriban wawili hadi watano. Ni wachache, ila anayepatwa anaweza kufa kwa maambukizi ambayo mwili wenye kinga ungeyamaliza wenyewe.

Dalili zake ni homa, koo linalouma hata mate hayamezeki, na vidonda mdomoni. Ukiziona, sitisha dawa ya thairoidi na uende kupimwa damu siku hiyohiyo. Usingoje kesho uone panadoli imesaidia nini. Kukosa dozi ya siku moja au mbili huku ukisubiri majibu hakutakuangusha. Kipimo chenyewe si cha ajabu: maabara za Tanzania hukiita picha kamili ya damu, za Kenya hukiita hemogramu. Duka la dawa hawana, na ndiyo sababu homa hii haipelekwi duka la dawa.

Ukifika kwa daktari au muuguzi, sema waziwazi: "Natumia dawa ya thairoidi inayoweza kushusha chembe nyeupe, naomba zihesabiwe." Usiogope kuonekana mjuaji. Mhudumu aliyeshinda akiona foleni ndefu ya wenye homa anaweza kuwa hajakutana na mgonjwa wa kabimazoli kwa muda mrefu, na hatajua kama hujamwambia. Chukua pakiti ya dawa uende nayo.

Malaria nayo ipimwe. Ila wadudu wakionekana, usiridhike hapo, kwa sababu malaria na upungufu wa chembe nyeupe vinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Walio Zanzibar wana la ziada la kutaja: huko malaria imetibiwa kwa miaka mingi kwa dawa yenye amodiakwini, ambayo yenyewe inajulikana kushusha chembe hizohizo kwa watu wachache. Daktari akijua unatumia nini, atachagua ipasavyo.

Kuna wanaojipa moyo kwamba walipima damu mwezi uliopita ikawa safi. Chembe hizi zinaweza kuporomoka ndani ya siku chache, kwa hiyo majibu ya mwezi jana hayasemi lolote kuhusu homa ya leo. Na ikithibitika kwamba dawa ndiyo iliyozishusha, hutarudi kwenye kabimazoli wala propilthiourasili maisha yako yote. Matibabu hayaishii hapo, maana kuna madini joto (iodini) yenye mionzi, na kuna upasuaji.

"Unajikuna, mwili umeikataa"

Muwasho na vipele ni kero ya kawaida, na huja zaidi katika wiki za mwanzo. Kama ni vipele vyepesi tu, wengi huendelea na kabimazoli huku wakitumia dawa ya mzio kama setirizini, na ngozi hutulia yenyewe. Mwambie daktari wako, lakini usitupe vidonge. Malengelenge, uso au midomo kuvimba na kupumua kwa shida ni habari nyingine. Hapo dawa huachwa na mtu hukimbizwa hospitali.

Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya chakula. Viungo kuuma kidogo, kichwa kugonga, chakula kukosa ladha, haya pia hutokea na mara nyingi hupita. Ila maumivu ya viungo yakizidi au magoti yakivimba, usiyavumilie kimyakimya.

Ini ndilo la kuchungwa kwa macho mawili. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hamu ya kula ikatoweka ghafla, acha dawa na ukapimwe. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa propilthiourasili. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kuliko yote kwa sababu ya madhara ya ini, na tangu hapo kabimazoli au ndugu yake wa karibu methimazoli ndiyo hutangulizwa kwa wagonjwa wengi. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni nayo yafikishwe hospitali haraka, kwani kongosho linaweza kuwa limevimba. Hilo ni nadra sana.

"Wiki mbili sasa, bado natetemeka. Dawa feki hii"

Kabimazoli huzuia homoni mpya isitengenezwe. Haigusi ile iliyokwisha kutengenezwa, na tezi huwa na akiba ya wiki kadhaa. Mpaka akiba hiyo ipungue, moyo utaendelea kwenda mbio, mikono itatetemeka, usingizi utakimbia. Wengi huanza kuona nafuu wiki ya tatu au ya nne, na homoni hurudi kwenye kiwango kati ya wiki ya nne na ya nane hivi. Anayeacha wiki ya pili anaacha kabla dawa haijapata nafasi ya kuonekana.

Ndiyo maana wengi huongezewa propranololi, na hapa huzuka ubishi: "Mimi sina presha, mbona nimepewa dawa ya presha?" Umepewa kwa ajili ya moyo na mitetemeko, ili wiki hizi zipitike. Hutuliza haraka, ndani ya saa au siku chache. Mwenye pumu lazima aseme kabla hajaandikiwa, kwa sababu dawa hii inaweza kubana mapafu. Vidole baridi, uchovu na ndoto za ajabu mara nyingi hutokana na propranololi, na kabimazoli husingiziwa bure. Usiikatishe ghafla, ipunguzwe kwa maelekezo.

Anayefunga Ramadhani asiamue peke yake kuacha. Kabimazoli kwa kawaida inaweza kumezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo futari au daku inatosha. Propilthiourasili na propranololi humezwa zaidi ya mara moja, na hizo zinahitaji mazungumzo na daktari kabla mwezi haujaandama.

"Vidonge vinaninenepesha"

Hili linauma zaidi ya linavyoonekana. Thairoidi ikizidi kasi, mtu hula sahani mbili na bado anakonda, na mitaani kwetu kukonda namna hiyo hakukosi mnong'ono. Kuna waliokaa miezi wakishukiwa ugonjwa wasiokuwa nao, wengine na ndugu zao wenyewe. Kisha dawa inaanza kufanya kazi, uzito unarudi, majirani wanapongeza, na mgonjwa anaingiwa na hofu kwamba sasa anaumuka.

Sehemu kubwa ya kilo hizo ni zile ulizopoteza. Tatizo ni kwamba mwili umepunguza kasi ilhali tumbo bado limezoea sahani mbili, kwa hiyo rudi mapema kwenye mlo wako wa kabla ya ugonjwa. Lakini ukiona unanenepa pamoja na kusikia baridi wakati wenzako wanatokwa jasho, misuli inakaza, choo kigumu na usingizi haukatiki, huenda dozi imekuwa kubwa mno na tezi imelala. Dawa ya hilo ni kupima na kupunguza vidonge. Kipimo cha kwanza hufanywa kama wiki nne hadi sita baada ya kuanza. Uliza majibu ya T4 na T3, homoni zenyewe za thairoidi, kwa sababu TSH, homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi, inaweza kubaki chini kwa miezi hata wakati homoni zimeshatulia, na wengi huishia kuhangaika bure kwa namba hiyo moja.

"Una goita, ongeza madini joto"

Ushauri huu ulizaliwa kwa nia njema. Watu wa nyanda za juu walikulia kwenye kampeni za chumvi yenye madini joto, na chumvi hiyo imewaepusha wengi na rovu, yaani goita. Lakini rovu la upungufu na tezi iliyozidi kasi ni mambo mawili tofauti. Madini joto ndiyo malighafi ya homoni ya thairoidi. Miaka ya 1990, chumvi yenye madini hayo iliposambaa Kivu na Zimbabwe, madaktari waliona wagonjwa wa thairoidi iliyozidi kasi wakiongezeka, wengi wao wazee wenye rovu la siku nyingi.

Chumvi ya kawaida ya jikoni endelea nayo. Cha kuepuka ni virutubisho vya madini joto, na unga au jeli ya mwani inayouzwa mitandaoni kama tiba ya thairoidi. Nauheshimu mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar na akina mama wanaoulima, lakini kiasi cha madini joto ndani yake hakipimiki kwa kijiko.

Nywele kukatika nako huwasukuma wengi kwenye vidonge vya vitamini iitwayo biotini. Nywele hukatika kwa sababu homoni zinabadilika, na kwa kawaida huota tena baada ya miezi kadhaa. Biotini nyingi huvuruga vipimo vya thairoidi, hata aliyepona akasomeka mgonjwa. Kama unaitumia, mwambie daktari na uisitishe angalau siku mbili kabla ya kupima.

"Ukishika mimba, tupa vidonge"

Hofu hii ina msingi, ila uamuzi wake ni mbaya. Ni kweli kabimazoli katika miezi mitatu ya kwanza huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro. Ni kweli pia kwamba thairoidi isiyotibiwa inaweza kuleta kuharibika kwa mimba, kifafa cha mimba na mtoto njiti. Mama anayetupa vidonge amebadilisha hatari moja kwa nyingine.

Tumia uzazi wa mpango mpaka thairoidi itulie, na mwambie daktari mapema kwamba mnatafuta mtoto, kwani dawa inaweza kubadilishwa kabla. Ukikuta umeshika mimba ghafla, wasiliana naye siku ileile kipimo kinapoonyesha, maana viungo vya mtoto huumbika katika wiki za mwanzo. Wapo watakaohamishiwa propilthiourasili kwa muda, na wenye dozi ndogo iliyokwisha kutuliza ugonjwa huweza hata kuachishwa dawa huku wakipimwa mara kwa mara. Anayenyonyesha anaweza kuendelea na dozi ndogo ya kabimazoli kwa ushauri wa daktari, akimeza mara baada ya kunyonyesha, na mtoto apelekwe kliniki kupimwa ukuaji kama watoto wengine.