Sifa za Mwombaji: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Matangazo ya Kazi

Dhana: Kila sifa iliyotajwa imepimwa, kwa hiyo anayekosa moja asijisumbue kuomba.

Ukweli: Sifa nyingi hunakiliwa tu kutoka tangazo la zamani, na anayeziandika mara nyingi si yule atakayefanya kazi na mwajiriwa. Mwaka 2020 Sebastián Ramírez, aliyebuni FastAPI, nyenzo ya kutengenezea programu za intaneti, alieleza hadharani kwamba ameona tangazo linalodai uzoefu wa miaka 4 au zaidi wa kutumia nyenzo hiyo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameibuni mwaka mmoja na nusu tu kabla ya hapo. Kwa kigezo hicho, hata yeye angechujwa. Hapa kwetu Tanzania kichekesho hiki huja kwa sura nyingine: nafasi ni ya anayeanza, mshahara ni wa anayeanza, lakini uzoefu unaotakiwa ni wa miaka 5.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila sharti ni la kupuuzwa. Leseni ya udereva ya daraja husika au usajili wa mhandisi ni mambo yanayopimika, na mwajiri hana mamlaka ya kuyalegeza.

Dhana: Mwajiri binafsi ana hiari ya kuandika apendavyo.

Ukweli: Tuchukue tangazo la aina inayobandikwa kwenye vioo vya maduka: “Anahitajika binti wa kukaa kaunta, miaka 18 hadi 25, asiyeolewa, mwenye mvuto.” Kuhusu kuhesabu fedha, kutoa risiti au kumsikiliza mteja mwenye malalamiko, hakuna hata neno moja. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwamo umri, jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na kinamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kinaruhusu tofauti kwa sababu chache tu, kama vile pale ambapo sifa inatokana na asili ya kazi yenyewe, na mimi sijapata kuiona kaunta ambayo haiwezi kuhudumiwa na mke wa mtu.

Dhana: Ukiomba kazi inayotaka mtu “aliye tayari kufanya kazi muda wowote”, umekwisha kukubali saa zozote.

Ukweli: Kwa sheria hiyohiyo, ukiacha wale walio katika ngazi ya uongozi, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Sentensi ya tangazo haifuti hayo.

Dhana: “Kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake” ni maneno ya kujazia tu.

Ukweli: Sentensi hii ina maana pale kazi hizo zinapohusiana na taaluma ya mwajiriwa. Ikiachwa wazi, ndiyo inayomfanya mhasibu ajikute akiwafuata watoto wa bosi shuleni. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi maelezo ya kazi, mahali pa kazi, saa na ujira, na mwombaji aliyefaulu usaili anaweza kuomba kuyasoma kabla hajasaini.