Kadi ya ulemavu si kadi ya posho

Jirani yangu mmoja huitunza kadi ya mwanawe ndani ya karatasi ya nailoni, chini ya godoro. Kila Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa posho wasiojiweza, inapolipa, huniuliza: "Mbona yetu haijaingia, na kadi tunayo?"

Wengi hapa Kenya wanaamini hivyo, kwamba ukishasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, pesa zitafuata zenyewe. Sivyo. Kadi inathibitisha tu kwamba umepimwa hospitalini na ulemavu wako umetambuliwa.

Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii zinatoka mfuko mwingine kabisa, na walengwa ni familia maskini zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa: yule anayehitaji kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani, mchana na usiku. Kiziwi anayejifanyia kazi zake mwenyewe hapiti hapo, hata awe fukara, na hilo linaniuma sana. Tena nafasi hutegemea bajeti. Unaweza kutimiza masharti yote na bado ukasubiri usajili mpya ufunguliwe.

Lakini kadi usiitupe. Ndiyo unayoombea kiti cha magurudumu au karo kwenye hazina ya Baraza, na aliyeajiriwa huitumia kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Kila ombi lina fomu yake. Kwa posho, anzia kwa chifu wako au kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo.