Ki- na ji-: si suala la udogo na ukubwa tu

Wanafunzi wengi hukariri kwamba ki- huonyesha udogo na ji- ukubwa, basi. Hiyo ni nusu tu ya kazi yake. Viambishi hivi hubeba pia hisia za msemaji, na hapo ndipo watu hukwaruzana bila kujua sababu.

Chukua neno mtu. Shina -tu lina silabi moja, kwa hiyo likidunishwa kwa ki- huongezewa ji- (hapa si ya ukubwa): kijitu. Anayeitwa kijitu huenda ana kimo cha futi sita. Kilichopunguzwa ni heshima yake. Jitu nalo hutisha zaidi ya kupima kimo. Lakini kitoto, kikitamkwa na bibi anayemfurahia mjukuu wake, ni upendo mtupu. Na mwenyeji akisema "karibuni kwenye kijumba changu", huo ni unyenyekevu. Mgeni akijibu "kijumba chako kizuri", amekosea adabu, hata kama nyumba ni ndogo kweli.

Angalia pia upatanisho, yaani jinsi kitenzi kinavyolingana na jina. Majina ya kawaida ya watu yanayoanza na ki-, kama kijana na kiongozi, huchukua a-: kijana amekuja. Ukisikia "kijitu kile kimekuja", msemaji amemtoa mtu kwenye upatanisho wa watu akamweka pamoja na viti na vikombe. Ndiyo maana mwandishi wa habari hapaswi kabisa kuandika "kizee kimefikishwa mahakamani".

Maneno kijiji na kijiko yameshapoa. Yanahusiana na mji na mwiko, ila leo hayadharau wala hayabembelezi.