Mwandishi mwenza ni nani, na sentensi hii ni ya nani?

Mwandishi mwenza ni mtu aliyetunga kitabu pamoja na mwingine, na majina yao yote yakawekwa jaladani. Si mhariri, wala si yule anayelipwa aandike kisha jina lake lifichwe. Maana yenyewe ni nyepesi. Ugumu huanza ukifungua riwaya, hasa fantasia ya kuchekesha, ukacheka, halafu ukataka kujua ni nani kati ya wawili hao aliyekuchekesha.

Swali hilo lilinipata ndani ya matatu ya Rongai, mkononi nina Good Omens niliyoinunua inama, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara katikati ya jiji. Riwaya hiyo ya Waingereza wawili, Terry Pratchett na Neil Gaiman, ilitoka mwaka 1990. Malaika mmoja na shetani mmoja wamekaa duniani tangu bustani ya Edeni, wameizoea, na hawataki siku ya Kiyama ifike. Malaika ana duka la vitabu London, na hufanya kila awezalo asiuze hata kimoja. Hapo ndipo ucheshi wa aina hii ulipo: jambo kubwa la mbinguni linaletwa dukani, likapewa tabia za jirani yako. Sisi tuliokua na visa vya Abunuwasi tunaielewa mbinu hiyo upesi sana.

Kazi yao haikugawanywa nusu kwa nusu. Gaiman aliandika mwanzo, maneno kama 5,000, akawapa marafiki wasome. Baada ya karibu mwaka mzima Pratchett akampigia simu: hadithi ile alitaka iendelee. Wakawa wanatumiana disketi kwa posta na kuzungumza kwenye simu kila siku. Pratchett ndiye aliyetunza nakala kuu, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa zaidi, maana Gaiman alikuwa pia na kazi ya katuni. Lakini kila mmoja aliingia katika kurasa za mwenzake, akabadilisha, akaongeza tanbihi.

Kwangu, kiini cha uandishi mwenza ni zile simu. Anayeandika peke yake hungoja hadi kitabu kichapishwe ndipo ajue kama kinachekesha. Mwenye mwenza anamsomea leo hii. Upande wa pili ukinyamaza, sentensi hiyo inafutwa. Ukicheka, mwenzake anatafuta ya kuipita. Ni kama mchongoano wa vijana wa Nairobi, ambapo kila jibu lazima lishinde lililotangulia, ila hapa wachongoaji wote wawili wanajenga nyumba moja. Ndiyo maana kurasa zao zimejaa hivyo, na ndiyo maana sauti unayoisikia si ya Pratchett wala ya Gaiman ukiwasoma mmoja mmoja. Ni ya tatu.

Kwa hiyo niliacha kuwinda nani kaandika nini. Sasa mimi na dada yangu tunaisoma kwa sauti jioni, kwa zamu, ukurasa mmoja mmoja, na tanbihi anasoma yule ambaye si zamu yake.