Goti la mzee na karatasi ya maabara

Mtu wa miaka 65 akilalamikia goti, iwe Arua, Bombo au Busia, hapa Uganda, kitu cha kwanza anachoambiwa ni kwenda kupima damu. Pesa nyingi hupotelea hapo, na dawa zisizohitajika huanzia hapo.

Dhana: Damu itaonyesha kama gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa gotini) limelika.
Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha hilo. Ugonjwa huu wa gegedu kulika hutambuliwa kwa maswali na mikono: umri wa miaka 45 au zaidi, maumivu yanayokuja goti likitumika (kupanda mlima, kuinuka kwenye kigoda), na ukakamavu wa asubuhi usiozidi dakika 30. Mpimaji akiweka kiganja juu ya goti linapokunjwa na kunyooshwa, mara nyingi husikia mkwaruzo. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, huwa za kawaida au zimepanda kidogo tu. Watafiti wanavyo viashiria vya gegedu linalovunjika, kama COMP kwenye damu na CTX-II kwenye mkojo, lakini namba za wagonjwa na za wazima hupishana mno kumsaidia mtu mmoja mmoja.

Dhana: ESR imepanda, basi ni baridi yabisi (kinga ya mwili kushambulia viungo).
ESR hupanda na umri. Kwa makadirio, kikomo cha mwanamume ni umri wake gawa kwa 2. Cha mwanamke, umri jumlisha 10, kisha gawa kwa 2. Kwa hiyo ESR ya 38 kwa mama wa miaka 70 si ajabu. Kipimo cha RF, kile cha damu cha kutafuta baridi yabisi, nacho hutoa chanya kwa baadhi ya wazee wazima, na kwa wenye kifua kikuu au homa ya ini. Baridi yabisi yenyewe hupenda viungo vidogo vya mikono yote miwili, na ukakamavu wake wa asubuhi huzidi nusu saa, mara nyingi hufika saa nzima.

Dhana: Brusela (ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo) imeonekana, ndiyo inayouma goti.
Hii ndiyo inayotusumbua zaidi Uganda. Kipimo cha haraka cha kugandisha tone la damu hutoa chanya za uongo, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Mgonjwa anameza antibiotiki, doksisaiklini na rifampisini, wiki 6, na goti liko vilevile. Brusela ipo kweli, hasa kwenye ukanda wa ng'ombe kama Kiruhura na Nakasongola, na hushambulia viungo. Ila huja na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, na historia ya maziwa mabichi au kusaidia mifugo kuzaa. Bila hayo, omba kipimo cha kuthibitisha kabla ya kumeza chochote.

Dhana: Asidi ya uriki iko juu, basi ni jongo (gauti).
Wengi wenye asidi nyingi hawapati jongo kamwe, na wakati wa shambulio namba inaweza kuwa ya kawaida. Uthibitisho ni fuwele (chembe za asidi hiyo) kwenye maji ya goti. Maji hayohayo husema mengine: goti lililolika kwa kawaida huwa na seli nyeupe chini ya 2,000 kwa mikrolita, zikizidi 50,000, shuku bakteria. Goti lililovimba ghafla, la moto, pamoja na homa, ni la hospitali siku hiyohiyo, si la kuchuliwa.

Dhana: Basi damu isipimwe kabisa.
Ipimwe, kwa ajili ya dawa. Kabla ya dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni za siku nyingi, pima kreatinini (kipimo cha figo), hemoglobini na presha. Anayetumia dawa za presha enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojoa akiongeza diklofenaki ya dukani anahatarisha figo; hemoglobini inayoshuka polepole huweza kuwa kidonda cha tumbo kinachovuja. Mwenye kisukari ajue kwamba sindano ya steroidi gotini hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Dhana: Goti bovu lipumzishwe.
Msuli wa paja ukilegea, goti hubeba zaidi. Kaa kitini, nyoosha mguu, shikilia sekunde 5, shusha polepole. Mara 10, kisha mguu wa pili, mara 3 kwa siku. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma. Maumivu yakiwa yameongezeka kesho yake, punguza idadi, usiache.