Kuhakiki si kubisha

Juzi nimemsikia tena mtu akijisifu: "Mimi mitandaoni nahakiki kila kitu, siamini chochote." Neno zuri, limepelekwa pabaya.

Kuhakiki taarifa ni kuchunguza imetoka kwa nani, lini na kwa ushahidi gani, kabla ya kuikubali au kuikataa. Basi, maana ni hiyo. Kinachoniudhi ni jinsi ukoo wa neno unavyosahauliwa. Hakiki asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake ni haki, hakika na uhakika. Kukosoa ndiko kulikozaliwa na kosa. Mkosoaji anatafuta kasoro, na akiitafuta sana haikosi. Anayehakiki huenda akamaliza kazi yake akasema, "Kumbe ni kweli," wala hajashindwa. Asiyeamini chochote hajafikia uhakika wowote; kajipunguzia kazi tu, sawa na yule anayeamini kila kitu.

Wakutubi wanaiishi tofauti hii kila siku. (Mkutubi, kwa wanaopenda utani, hatokani na kutubu dhambi bali na neno la Kiarabu la vitabu.) Mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa bango la hatua 8 za kutambua habari za uongo: chanzo, mwandishi, tarehe na kadhalika. Hatua mojawapo inakutaka ujichunguze mwenyewe, usije ukapotoshwa na unayoyapenda. Nyingine inakuelekeza kwa wajuzi, mkutubi akiwamo. Hakuna hatua ya kubisha.

Mwaka huohuo Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi na watu ambao kuhakiki habari ndiyo kazi yao. Hao wa mwisho hawakukaa kwenye tovuti waliyopewa. Walitoka upesi kwenda kuona wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti. Wanahistoria, pamoja na usomi wao, mara nyingi walibaki humohumo, wakapumbazwa na nembo za kuvutia. Siku hizi maktaba nyingi hufundisha huko kutoka nje ya ukurasa.

Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari, ukakiona cha uongo ukapita, hujahakiki bado. Umeshuku. Kushuku nako si vibaya, ila tukuite kwa jina lake.